Mlango wa Nyuma wa Gari la Umwiza

Ukiwauliza madereva wa Goma nani anaweza kulinyamazisha gari, wengi watakutajia Ridhwani, fundi wa viti na mazulia ya magari, mtu wa asili ya Maniema, mfupi, mwenye maneno mengi na majivuno kiasi. Vifaa vya dukani hakuwa navyo. Alikuwa na vipande vya karatasi ya lami vilivyobaki kwenye mapaa ya watu, magodoro makuukuu, mazulia yaliyochoka, mipira ya ndani ya tairi, na jiko la makaa la kulainishia lami. Aliuvua mlango vazi lake la ndani, akabandika, akakandamiza, akafunika tena. Barabara zetu za mawe meusi hulifanya gari dogo lilie kama sufuria zilizofungwa pamoja. Likitoka kwake, mtu na mkewe waliweza kuongea humo ndani bila kupigiana makelele.

Siri yake ilikuwa kidole. Kazi ikiisha, aligonga bati kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Bati tupu hulia ngee. Bati lililoshiba hujibu du, basi. Aliweza kukuonyesha mahali hasa lami ilipokuwa haijashika.

Mwishoni mwa Januari, mji ulipokuwa ukipiganiwa, bomu lilianguka nyuma ya ua wake. Hakupata hata mkwaruzo, na majirani walimwambia amshukuru Mungu. Alishukuru. Lakini sikio la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilisikia kama aliyejifunika mto kichwani. Mkewe, Kuluthumu, ndiye pekee aliyejua.

"Usiambie mutu," Ridhwani alimsihi. "Nani ataleta motoka kwa fundi kiziwi?"

Akawa anacheka wenzake wakicheka, anaitikia midomo ikitulia. Kwa kidole aliendelea kugonga, maana wateja walizoea kumwona akigonga. Kila bati sasa lilinyamaza. Na aibu yenyewe ni hii: alianza kuamini. Alijiambia mkono wake umekuwa mzuri kuliko zamani, na pale alipokuwa akiweka lami mara mbili, akaanza kuweka mara moja.

Mwezi wa nne akaja Umwiza, muuza maharage, na gari dogo lenye nafasi ya mizigo nyuma. Umwiza alizoea kelele za soko. Alisema kwa sauti kubwa akimtazama usoni, kwa hiyo Ridhwani alimwelewa vizuri.

"Papa Ridhwani, mama yangu anataka kurudia kwake Rutshuru. Docteur anasema moyo umechoka, siku haziko mingi. Anataka afie mu nyumba yake, pale papa yangu alizikwa."

"Basi umupeleke, mama."

"Nimupeleke na nini? Tangu ile mabombe, chuma ikilia tu, anatetemeka, anaingia chini ya kitanda. Pikipiki tulijaribu, bus tulijaribu. Fanya hii motoka inyamaze, papa. Anaomba hiyo tu."

Huyo mama aliitwa Mukantwari. Ridhwani hakuwahi kumwona, lakini alimhurumia kweli, na kwa siku tatu alifanya kazi kwa moyo. Jumamosi asubuhi aligonga mlango mmoja baada ya mwingine mbele ya Umwiza, uso wake ukijaa kuridhika. Umwiza akaenda nyuma ya gari, akaugonga mlango wa mizigo kwa kiganja, akasema kitu akiwa amempa mgongo. Ridhwani aliona mabega yake tu. Angeweza kusema, rudia, mama. Neno dogo namna hiyo!

"Iko bien, iko muzuri," akajibu. "Muende na amani."

Umwiza na mamaye hawakuipita Kibati, nje kidogo ya mji. Kwenye mawe, mlango ule wa nyuma ulianza kulia, bati juu ya bati, na Mukantwari akapiga yowe, akamng'ang'ania bintiye mikono akiwa anaendesha. Wakageuza. Tangu siku hiyo hakukubali hata kulisogelea gari lililozimwa. Baada ya wiki tatu akafariki, katika chumba cha kupanga mjini, akiiulizia migomba yake.

Kuluthumu alirudi na habari hizo kutoka sokoni, akamsemea mumewe kwenye sikio la kushoto. Ridhwani akamwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia. Kisha akavaa kofia yake, wakaenda kwenye kilio.

Umwiza alikuwa ameketi chini kati ya wanawake. Hakupandisha sauti, hivyo Kuluthumu alilazimika kumrudishia mumewe maneno yake.

"Nilikuuliza. Nilisema, papa, hii ya nyuma haiko inalia bado? Ukasema iko bien."

Ridhwani alipiga magoti. Naye, asiyejua tena kupima sauti yake, akapaza mno.

"Sikusikia, mama! Masikio yangu yalikufa na lile bombe. Nilificha. Nilikudanganya, na mama yako akalipa."

Umwiza alilia. Hakusema amesamehe, wala Ridhwani hakuthubutu kuomba. Aliuliza tu jeneza litasafiri na nini. Aliambiwa ni gari lile lile, kesho, viti vikilazwa.

"Uniletee hiyo motoka sasa hivi."

"Ya nini, papa? Maiti haisikie kitu."

"Hata mimi sisikie. Ulete tu."

Alifanya kazi hadharani, mchana kweupe, wateja wake wakipita na kutazama. Aliubandua mlango wa nyuma wote, akaweka lami mara mbili, kisha sponji, kisha zulia. Hakugonga. Alimwingiza Kuluthumu ndani, akamwomba Umwiza aendeshe juu ya mawe, na kila mkewe alipoinua mkono alisimamisha gari na kufungua upya. Mara nne walirudia. Mara ya tano, mkono wa Kuluthumu ulibaki magotini.

Kesho yake jeneza liliingia kwa shida, maana gari ni dogo; bahati Mukantwari naye alikuwa mtu mdogo. Likaondoka kuelekea Rutshuru, likayumba kwenye mawe, likazidi kwenda. Ridhwani akamgeukia mkewe.

"Iko inalia?"

Kuluthumu alitikisa kichwa. Haukulia hata kidogo. Ridhwani akakaa kwenye jiwe la mlangoni, akafunika uso, akalia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.