Bureau Yangu Iko kwenye Simu

Mimi ndiye yule mutu wa Rumonge anayejisifu kila mahali kwamba bureau yake, ofisi yake yote, iko kwenye simu. Natengeneza matangazo ya kampuni moja ya Bujumbura nikiwa nyumbani. Sasa siku ya kwenda Minago kumuposa Odette, shefu wa kampuni akaitisha mkutano wa kwenye simu. Kuomba ruhusa nikaona aibu. Nikamwambia niko mezani nachapa kazi, nikachomeka kisikilizi kimoja sikioni, nikaketi kati ya wajomba zangu nikijiona mwenye akili sana.

Hotuba zikaenda, mirija ikazama kwenye chungu cha pombe. Baba ya Odette akanigeukia. "Sema mwenyewe. Utakaa na mutoto wetu siku zote?"

Wakati huohuo shefu naye akaniuliza kama niko tayari kurudi bureau kila siku. Swali hilo nililiogopa mwezi mzima, na ndilo pekee nililolisikia. Nikafungua mikrofoni.

"Hapana, shefu. Kufungwa mahali pamoja kila siku, nitakufa."

Baba ya Odette akatoa mrija mudomoni.

"Mukwe, shefu ni nani?"

Na sikioni, polepole: "Mukwe ni nani?"