Landrova Iliyoingia Bila Hodi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni shina la mwiba.

Boma letu lilifungwa kwa tawi kubwa la mgunga. Ukitoka, unalivuta kutoka nje, na shina linabaki nje. Ukiingia, unalivuta nyuma yako, na shina linabaki ndani.

Mimi na mama tulitoka asubuhi kwenda kuuza maziwa mjini Garissa. Nyumbani hatukuacha mtu.

Tuliporudi, shina lilikuwa ndani.

Nikamvuta mama nguo.

"Hoyo," nikamnong'oneza mama, "kuna mtu."

Mama yangu, Ebla, akaniwekea kidole mdomoni. Mwaka ule wa sitini na sita, vita vya shifta, wale waasi wa nyikani, vimepamba moto, mtu hakuuliza "nani?" kwa sauti. Jibu lingeweza kuja na risasi.

Tukapenya ndani kimya kimya. Alama za magurudumu zilikuwa zimefagiwa kwa matawi, tena vibaya vibaya, kama mtu aliyekuwa na haraka.

Zilielekea kisimani.

Kisima kile alikichimba marehemu baba. Kwetu, aliyechimba kisima ndiye mwenye mahali. Mgeni husimama nje, huita, na hungoja hata jua limchome utosi.

Tangu vita vianze tulikuwa tumekifunika kwa magogo na mchanga, maana kisima kikionekana, kila mwenye bunduki anakitaka. Mgeni akiruhusiwa, mama humtangulia kwa miguu kumwonyesha pa kukanyaga.

Huyu hakutanguliwa na mtu.

Landrova ilikuwa pua chini, magurudumu ya mbele yamezama. Ubavuni ameegemea Korane, dereva wa kupeleka sukari Wajir. Nyika yote ilimjua kwa mwendo na kwa mdomo.

"Eddo, shangazi yangu!" akamwita mama, anacheka. "Hamkuwepo. Barabarani kuna mabomu, nikasema nikate huku. Nyika haina mlango!"

"Mlango umeufungua kwa mikono yako," mama akajibu.

"Si tawi tu lile?"

"Na hili nalo ni shimo tu?"

Oili ilikuwa inadondoka kwenye maji yetu. Tone. Tone. Mbuzi walilia kwa kiu, na hatukuwa na maji mengine.

Kisha tukasikia lori.

Kicheko cha Korane kikakatika kama uzi. Siku zile gari likikutwa nje ya barabara na shehena ya chakula, lilihesabiwa la shifta. Waliochukuliwa kwa kosa hilo hatukuwaona tena.

Askari wakaruka chini. Mkubwa wao akatoboa gunia kwa kisu, akaonja.

"Sukari. Mnawalisha shifta?"

"Hapana, afande! Mimi dereba tu! Nabeleka Wajir!"

"Njia ya Wajir inapita ndani ya boma la watu?"

Korane akatunyoshea mkono. "Hawa... hawa ni jamaa."

"Mwenye mahali ni nani?"

Nikamwonyesha mama kwa kidevu.

Mama hakujua Kiswahili, ila Kisomali tu. Mimi nilikijua cha darasa la nne, nilipoachia shule. Nami nilikuwa wa haya, mwalimu akiniuliza hata jambo ninalolijua, nalia.

"Wewe, msichana. Muulize mama yako. Huyu aliomba ruhusa kupita hapa? Kama aliomba, ni mgeni wake. Kama hakuomba, tunaondoka naye."

Nikamweleza mama yote, neno kwa neno.

Mama akamtazama Korane. Akakitazama kisima cha mumewe. Halafu akajibu kwa ufupi.

Korane akafumba macho.

"Anasemaje?"

Ulimi ulinilemea kama jiwe la kusagia.

"Nakuuliza, anasemaje? Sema kwa sauti!"

"Aliomba," nikasema. "Ni mgeni wetu."

Korane akafumbua macho, akanikodolea. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Wakafunga mnyororo, lori likaivuta Landrova. "Mwambie mama yako achague wageni," afande akasema, wakaondoka.

Mama alibaki ameshika kiuno.

"Wallahi, askari yule ana huruma. Nilidhani wataondoka naye."

Siku chache baadaye Korane alikuja na koleo. Alisimama nje akaita mpaka sauti ikakwaruza. Mama alimwacha makusudi, kisha akamfungulia. Korane akakifukua kisima, akakisafisha, hakutaka hata chai. Mama hakujua kiburi chake kimeenda wapi.

Ndugu zangu mnaopita na magari na pikipiki kwenye ardhi za watu, msiseme "si pori tu." Subiri mwenyewe aje. Ukiingia kama mwizi, ni nani atakayesema wewe ni mgeni?

Mama alikufa akimwombea dua askari yule. Korane naye ameshazikwa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Basi niseme. Mama alijibu, "Hakuomba."

Ruhusa ile niliitoa mimi.