Siku niliponyamazisha feni ya kompyuta Ngarenaro

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili sijawahi kulisimulia popote. Sitaongeza chumvi, maana lenyewe halinisifii.

Miaka ile viwanda vinabinafsishwa, mimi nilikuwa mmoja wa waliopunguzwa kazi. Kiinua mgongo nikanunulia kompyuta ya mtumba na printa, nikafungua ofisi ya kuchapa barua, chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Ngarenaro.

Chumba cha nyuma alilala mama. Alikuwa amepooza upande mmoja na sauti imeshakuwa ndogo. Kati yetu pazia tu.

Sikuwa na mke, na dada yangu alikuwa ameolewa Kondoa. Kumgeuza, kumlisha, kufua, kuchapa, vyote mimi.

Nilichoka wakuu. Ule uchovu unaolala nao na kuamka nao.

Sasa hiyo kompyuta. Feni ya power supply, ile iliyo nyuma inapoingia waya wa umeme, ilianza kuguna, ikaja kukoroma, mwisho ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nikiipiga kofi inatulia dakika mbili, inarudi. Miezi ikapita, nikazoea.

Siku moja akaja mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Olmotonyi. Nikampa shikamoo, akakaa. Alitaka ratiba ya mazishi ya mkewe. Yeye anataja, mimi nachapa.

Nilipomsomea, jina la marehemu nilikuwa nimekosea. Akarudia. Nikakosea tena.

Hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, zima hiyo mashine kwanza. Hunisikii."

Niliona aibu. Nikamwomba anisubiri, nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikaitoa nje barazani, mzee akanifuata, nikaacha muda upite. (Mle ndani hubaki umeme hata ukishachomoa, kama huijui kazi hii usiguse.)

Nikafungua skrubu. Feni imejaa vumbi na nyuzi za vitambaa, maana jirani yangu alikuwa fundi cherehani. Nikaisafisha kwa brashi. Nikabandua karatasi iliyobandikwa katikati ya feni, nikadondoshea tone moja la mafuta ya cherehani ya huyo huyo jirani. Nikafunga, tukarudi ndani, nikawasha.

Kimya. Feni inazunguka na huisikii.

Nikavuta kibodi tuendelee. Mzee akainua mkono.

"Kuna mtu anaita."

Nikasikiliza. Alikuwa mama.

Nikaingia. Alikuwa ameteleza pembeni ya kitanda, mkono ameulalia. Nikamweka sawa, nikamuuliza ameanza kuita saa ngapi.

"Huwa naita kila siku," akasema. "Nikiona huji, najua una wateja."

Wakuu, mtaa mzima nilikuwa nawaambia mama yangu ni mvumilivu, halalamiki.

Nilirudi kumalizia ratiba ya mzee. Jina la mkewe nikalichapa sawasawa. Alinishika bega, akaondoka.

Siku hiyo hiyo niliondoa pazia, nikasogeza kitanda karibu na meza yangu. Wateja wakazoea kumsalimia kabla yangu. Tulikaa hivyo mwaka na kitu, hadi alipofariki.

Nilichojifunza: feni ikianza kuguna, isafishe mapema, usisubiri mteja akwambie. Na ukiwa na mgonjwa ndani, nenda ukamwangalie hata kama hajaita. Mimi nilichoka hadi kelele ikawa nafuu kwangu, na nadhani ndiyo sababu sikuitengeneza ile feni.

Wanaouguza nyumbani huku wanafanya kazi, mnawezaje? Andikeni hapa chini, nasoma.