Asiransi ya Mama

Mdogo wangu wa kike alijifungua mapacha huko Ubelgiji, na mama yetu akaitwa aende kuwaogesha. Mama alikuwa amevuka miaka sabini. Alilima mpunga na mihogo nje kidogo ya Kasongo, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Wamaza kwenye harusi. Pasiporo ilipatikana, barua ya mwaliko ikafika. Ilibaki karatasi moja, ambayo bila hiyo ubalozi hautoi viza: asiransi ya matibabu, yaani bima.

Kazi ya kuichagua iliniangukia mimi, kwa sababu nafundisha Kifaransa katika shule ya misheni. Asubuhi moja tulikwenda kwenye chumba cha kompyuta karibu na soko. Mama alivaa kitenge cha kanisani, akakaa wima mbele ya kioo kama anayepigwa picha.

"Wanauliza kama uko na ugonjwa wa zamani," nikamwambia.

"Andika sina."

"Na tansio?"

"Tansio haiko ugonjwa wangu. Iko ninyi watoto."

Niliandika tansio, ile presha yake ya damu. Mama hasomi Kifaransa, lakini aliona vidole vyangu vinagonga mara nyingi kuliko linavyohitaji neno "sina", akanuna.

Kulikuwa na asiransi za aina mbili. Ya kwanza ililipa hospitali tu. Ya pili iliongeza kurudisha maiti nyumbani. Nilijaribu kulipita jambo hilo haraka, kwa sauti ya chini, lakini mwenye kompyuta, baba mmoja asiyejua kunyamaza, akasema, "Mama, hii ya pili inakurudisha hata ukikufa."

Mama alinigeukia. "Kwa hiyo kuna mutu amekaa kwenye biro Kinshasa, anafikiria kufa kwangu?"

"Hafikirii wewe, mama. Anafikiria kila mutu."

"Basi mutu huyo hana kazi."

Nikaendelea kusoma. Nikakutana na neno "franchise". Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba maana yake ni kusema ukweli bila kuficha, basi nikatafsiri bila wasiwasi: mgonjwa lazima atoe ukweli wake kwanza, ndipo asiransi ilipe zilizobaki. Sentensi yenyewe ilinishangaza kidogo, ila mama aliipenda.

"Hiyo iko sawa. Munganga akiniuliza, nitamwambia yote."

Kisha akakunja na kukunjua pembe ya kitenge. "Hao wa kurudisha maiti," akasema, "wanaifikisha wapi?"

Nilisoma: uwanja mkubwa wa ndege wa nchi ya mgonjwa.

"Kinshasa? Nani ananijua Kinshasa? Piga simu."

Tulipiga kwa wenye asiransi. Alipokea mwanamke aliyekulia Bukavu, mwenye Kiswahili kizuri na subira. Mama alimsalimu, akauliza habari za wazazi wake, za watoto, za mvua, ndipo akafika kwenye maiti.

"Mutoto wangu, kama ninakufa kule, munanifikisha Kindu, mji wa jimbo letu?"

"Mama, hatujapata bado maiti ya huko."

"Na miye sitaki kuwa ya kwanza. Ninauliza tu."

Yule dada aliomba dakika chache akaulize wakubwa wake. Aliporudi alisema wangeweza kufika Kindu, kama ndege ipo, na kutoka pale ni juu ya familia.

Mama akanitazama. "Ninyi munaweza kunitoa Kindu?"

"Tunaweza, mama."

Nilijibu haraka. Sikuwahi kufikiria siku hiyo, na sasa tulikuwa tunaipangia njia mbele ya mtu anayesubiri kupiga fotokopi.

"Andika hiyo ya pili," mama akasema, kisha akainamia simu. "Na ule ukweli wangu, mutoto, nitautoa wote. Sifichi kitu."

"Ukweli gani, mama?" yule dada akauliza.

Ilibidi nieleze. Yule dada alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alisema franchise ya asiransi ni kiasi cha pesa ambacho mgonjwa analipa mwenyewe kwanza, basi. Mwenye kompyuta aliniuliza nafundisha darasa la ngapi.

Mama alikwenda, akaogesha wajukuu wake miezi miwili, wala hakuugua hata mafua. Jambo hilo lilimkera. Wiki ya mwisho alimlazimisha mdogo wangu ampeleke hospitali kwa munganga, kwa kuwa asiransi ilikuwa karibu kwisha na hakuna aliyeigusa. Munganga alimpima, akamsikiliza kifua, akasema yuko mzima, aendelee tu na vidonge vyake vya tansio na apunguze chumvi.

Tulimpokea nyumbani akiwa amenenepa. Majirani walijaa uani wakitaka kusikia habari za Ulaya, naye akaanza na hospitali: safi, kubwa, viti laini. "Lakini kazi hawajui," akasema. "Nimetoka pale hata sindano moja hawakunipiga."