Tope la Mfereji wa Bati

Teke la kwanza lilimpata Kemilembe mbavuni akiwa ameinama anakanda mumbwa. La pili lilivunja ubao wa kukaushia. Byabato na ndugu zake hawakupiga hodi. Mke wa Byabato, Xaveria, alikuwa amezikwa asubuhi ile na mtoto wake tumboni, na kijiji chote cha Kamuli kilijua nani alimpa dawa.

Mumbwa si kitu cha ajabu. Ni majani na mizizi iliyotwangwa, ikakandwa na udongo laini, ikakaushwa kuwa vijiti. Mjamzito husugua kijiti juu ya jiwe, akakoroga unga wake kwenye maji, akanywa. Kemilembe aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Ila mwaka ule shimo lake la udongo bondeni lilijaa maji ya mvua, naye akamshukuru Mungu alipoona mfereji wa Wazungu wanaochimba madini ya bati umeacha tope jeupe, laini, lisilohitaji hata kuchekechwa. Binadamu tuna haraka ya kushukuru. Kulionja, hakulionja, maana aliyekoma kuzaa haonji mumbwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

“Umemuua mke wangu, mchawi wewe,” Byabato alisema, akimburuta hadi uani.

“Mwanangu, dawa ni ile ile aliyokunywa mama yako ukiwa tumboni.”

Jibu lake likawa rungu. Mkono wa kushoto ulivunjika, mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Nyuma yake nyumba ya nyasi ilishika moto, na majirani aliowazalisha walisimama migombani wakitazama tu.

Kahigi, mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alifika akihema. Akaamua kizamani: mwanamke ale dawa yake mwenyewe. Akisimama, hana hatia. Akianguka, wanajua la kufanya.

Wakamshindilia kijiti mdomoni hadi jino likang'oka. Kemilembe akatafuna udongo pamoja na damu yake. Akaacha kutafuna. Chini ya uchungu wa mizizi palikuwa na ladha ya msumari, ladha ambayo udongo wa bondeni haukuwa nayo kamwe. Akameza. Tumbo likaanza kuwaka, lakini miguu ilimhimili.

“Amesimama,” Kahigi alitangaza. “Dawa ni safi. Byabato, shusha panga. Nanyi wajawazito, kanyweni dawa yenu bila hofu.”

Byabato akashusha panga huku akilia. Kemilembe alikuwa amepona. Kubaki hai kulimtaka anyamaze tu. Na aliogopa kufa, tusimsingizie ushujaa. Mkojo ulikuwa unamtiririka miguuni. Lakini kati ya wanawake wale alimwona Verdiana, bintiye, tumbo mbele, miguu imevimba, kijiti kimefungwa kwenye pindo la kanga.

“Msinywe,” alisema. “Majani ni mazuri, udongo ndio mbaya. Niliuchota kwenye mfereji wa bati. Una sumu. Xaveria nimemuua mimi, na sikujua.”

“Mama, nyamaza,” Verdiana alimsihi.

“Kitupe, mwanangu. Tupeni vyote.”

Verdiana akafungua pindo, akarusha kijiti motoni. Wengine wakafuata, wengine wakakimbilia majumbani kuvitafuta. Byabato akanyanyua panga tena, na safari hii Kahigi hakumzuia.