Mwenye Zizi

Juzi, katika duka la samaki wa mapambo Nairobi, nilimwambia muuzaji amtoe kwanza samaki mkorofi ndipo amtie mgeni. Akaniuliza mimi ni mtu wa pwani ipi.

Nilicheka, maana kimawazo nilikuwa nimerudi utotoni, sebuleni kwa Mwalimu Mwanakombo, jirani yetu wa Garissa aliyetoka Malindi. Alikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya bahari, yakinuka kama ngozi zilizotiwa chumvi, na pampu ndogo iliyokoroma kutwa. Samaki walifungua na kufunga midomo, nami nikaamini wana kiu. Leo najua walikuwa wakipumua tu.

Alasiri moja alikuwa ameletewa samaki wa manjano kutoka kwao. Samaki wa buluu, asiyezidi kidole gumba, alimfukuza na kumng'ata mpaka mkia ukachanika. Mwalimu alikaribia kulia.

"Mwalimu, huyu mdogo ndiye mwenye zizi," nikasema kwa lafudhi yangu ya Kisomali. "Toa yeye kwanza. Mgeni akibata mahali yake, rudisha."

Mbuzi wa Aabo, baba yangu, tuliwafanyia hivyo hivyo. Mwalimu akamtoa yule wa buluu kwa kikombe. Siku ya tatu akamrudisha, naye akaingia kwa adabu, kana kwamba mgeni ni yeye.

Mwalimu alikuja kwetu mwenyewe. "Mwanao amenifundisha kufuga samaki," akamwambia Aabo. Aabo, ambaye hakuwahi hata kuonja samaki, alinimiminia chai katika kikombe chake mwenyewe.

"Mimi si wa pwani," nikamjibu muuzaji. "Mimi ni wa zizi la mbuzi, Garissa."