Sweta ya Nekesa

Juzi, nikipanga kabati la mama, nilikuta sweta ya kijani ya shule, nikakumbuka alasiri moja kule Matisi. Nyumba ilinuka mahindi ya kuchoma. Dada yangu Nekesa, bado mchanga, midomo ya zambarau, alikuwa akihema mapajani mwa mama kama aliyetoka kukimbia. Alikuwa anasubiri kupasuliwa moyo Eldoret. Mama alikuwa akifuma, sindano zikigongana.

"Ati sweta ya shule?" jirani akaguna. "Kwani huyu atafika huko?"

"Atafika," mama akamjibu. "Hebu nishikie huo uzi."

Jirani akashika.

Mimi nilidhani mama amekosea vipimo, maana Nekesa mzima angeenea ndani ya mkono mmoja. Hakukosea. Viwiko vya sweta hii, Nekesa alivitoboa vyote viwili kwa kuegemea dawati.